Mdomo wa Injini ya Ndege na Kazi ya Kuituliza Hewa

Mwanafunzi akichora ramanini mstari ulionyooka kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro hadi Dar es Salaam, ataona kuwa unapita kati ya Handeni na Korogwe. Mtu atazamaye ndege ya jeti ikipita juu ya nchi hiyo aweza kudhani kuwa shida ya injini ni kupata hewa ya kutosha. Sivyo, shida ni kuipata ikiwa imetulia.

Katika kimo cha mita 11,000 sauti husafiri mita 295 hivi kwa sekunde. Ndege iendayo kwa asilimia 78 ya kasi hiyo hukabili hewa kwa mita 230 kwa sekunde, nayo mapanga ya injini hutaka hewa iwafikie kwa nusu ya kasi ya sauti, au zaidi kidogo.

Mto Pangani upitao Korogwe waonyesha njia. Mto unapopanuka, maji hupunguza mwendo. Hewa iliyo chini ya kasi ya sauti hufanya vivyo hivyo (ikiipita kasi hiyo mambo hugeuka kinyume), na mwendo unaopotea hugeuka kanieneo, msaada wa bure kwa injini. Kwa hiyo njia iliyo ndani ya mdomo hupanuliwa polepole. Kingo zikiachana ghafla, maji ya pembeni huzungukazunguka pale pale. Hewa ikifanya hivyo, kanieneo hupotea na msukumo hupungua.

Ugumu mkubwa huja wakati wa kuruka. Ndege ingali karibu imesimama, nayo injini huvuta hewa kutoka pande zote, hata nyuma ya ukingo. Ukingo ukiwa mwembamba, hewa hushindwa kukata kona, hujitenga na ukuta, na yaweza kurudi mbele kwa kishindo wakati ule ule msukumo unapohitajika kuliko wakati wowote. Basi ukingo hufanywa mnene na wa mviringo. Lakini angani unene huo huo huongeza ukinzani, kwa kuwa hewa isiyohitajika humwagika nje kwa kasi. Boeing 747 za kwanza, zilizoanza kubeba abiria mwaka 1970, zilikuwa na vijilango pembeni vya kuingizia hewa ya ziada. Viliachwa baadaye kwa sababu ya kelele.

Siku hizi ukingo wa chini huwa mnene kuliko wa juu, maana pua ya ndege ikiinuka hewa huingia kutoka chini. Kwa sababu hiyo hiyo mdomo wa injini nyingi, ukitazamwa kwa upande, umeinama kidogo kuelekea ardhini.