Korea: Hekta Zile Zile, Miti Mingine

Ukiulizwa msitu ni nini, utajibu upesi: ni mahali penye miti. Lakini katika vitabu vya serikali mambo huweza kuwa mengine. Tazama Korea ya Kusini, nchi ya milima huko mashariki ya Asia. Mwaka 1990 misitu yake ilihesabiwa kuwa hekta milioni 6.55, na mwaka 2020 hekta milioni 6.29. Basi utasema misitu inapungua. Kumbe nchi hiyo yasifiwa duniani kote kwa kurudisha misitu yake! Yawezekanaje?

Vita vya Korea vilipokoma mwaka 1953, karibu theluthi mbili ya nchi iliitwa msitu, kama ilivyo hata leo. Ila milima mingi ilikuwa uchi, udongo mwekundu mtupu. Wapimaji huhesabu miti iliyosimama kwa mita za ujazo, yaani lundo lenye mita moja kwenda mbele, mita moja upana na mita moja kimo. Siku zile hekta moja, iliyo karibu eka mbili na nusu, kwa wastani haikufikia malundo 6. Mwaka 2020 ilikuwa na malundo 165.

Nani aliyeimaliza miti ile? Wajapani walioitawala nchi tangu 1910 hata 1945 walikata mingi, na vita navyo vikaharibu. Lakini mlaji mkubwa alikaa jikoni. Katika nyumba ya Kikorea ya zamani moto wa jikoni hupeleka moshi na joto chini ya sakafu ya mawe, kisha moshi hutokea upande wa pili. Watu huketi na kulala juu ya sakafu hiyo yenye joto. Ni ustadi kweli, maana baridi ya huko hugandisha mito. Lakini jiko la namna hiyo lataka kuni kila siku, miezi mingi mfululizo. Miti ilipokwisha, watu walikata vichaka. Vichaka vilipokwisha, wakakwangua majani makavu na nyasi, hata mizizi wakaing'oa. Mama yeyote wa kwetu ambaye kuni zimemhama mwaka hata mwaka ataelewa bila kuelezwa. Na mvua kubwa zilipokuja ziliteremsha udongo mpaka katika mashamba ya mpunga.

Sasa, kupanda miti peke yake kusingefaa kitu. Miche ingekuwa kuni kabla ya kukomaa. Serikali ilizuia kuni zisiingizwe mijini, na watu wakapewa kitu kingine cha kuwasha: matofali ya mviringo ya makaa ya mawe, yenye matundu mengi. Yalikuwa na bei nafuu, nayo yaliwaka usiku kucha. Lakini yalikuwa na hila: hewa yake ya sumu, isiyo na harufu, ilipenya katika nyufa za sakafu, na kwa miaka mingi maelfu ya watu walikufa usingizini. Wanaoisifu Korea mara nyingi husahau kuitaja bei hiyo.

Mwaka 1973 ulianza mpango wa kupanda hekta milioni moja kwa miaka kumi. Ulimalizika mwaka 1978, miaka minne kabla ya wakati. Kila kijiji kilikuwa na chama chake cha misitu, kilichootesha miche na kuiuza. Walichagua miti ikuayo upesi kwa kuni, mingine ambayo mizizi yake hurutubisha udongo uliochoka, na mingine izaayo kokwa za kula na kuuza. Huko Yeongil, karibu na mji wa Pohang, milima ilikuwa imechakaa hata mche haukushika. Watu walichonga ngazi mlimani, wakabeba udongo na majani kwa migongo yao, hekta zaidi ya 4,500, tangu 1973 hata 1977.

Jambo moja lanipendeza sana. Miche ilipokwisha kupandwa, ilihesabiwa tena kuona mingapi imeishi, na wahesabuji walitoka mkoa mwingine. Hivyo bwana misitu hakuweza kujihesabia mwenyewe miti yake ya karatasi!

Sisemi kwamba wote walikwenda kwa furaha. Mtawala, Park Chung-hee, alikuwa mwanajeshi aliyetwaa serikali kwa nguvu mwaka 1961. Mwaka 1973 Idara ya Misitu ilihamishwa kutoka Wizara ya Kilimo ikawekwa chini ya wizara iliyosimamia polisi. Na wakulima waliochoma misitu ili kulima milimani waliondolewa huko kwa maelfu.

Tena Korea leo hununua mbao zake nyingi sana kutoka nchi nyingine, kwa hiyo shoka limehamia milima ya wengine. Na miti ya nyumbani, iliyopandwa kwa pamoja, inazeeka kwa pamoja. Mahali pengi ni misonobari mitupu, yenye utomvu unaowaka haraka. Mwezi wa Machi 2025, katika mkoa wa Gyeongsang Kaskazini, upepo mkali ulisukuma moto kutoka Uiseong mpaka karibu na bahari. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengi wao wazee wa vijijini.