Moshi baridi katika mji wa joto

Sisi watu wa pwani twajua njia nyingi za kumweka samaki asioze. Twamtia chumvi tukamwanika akawa ng'onda, twambanika juu ya makaa, twamkaanga hata akakauka. Njia zote hizo ni njema, ila mwisho wake ni samaki mgumu, na mamangu, ambaye amekwisha kupita miaka 80, hana jino hata moja. Samaki wa kuchemsha hamtaki; asema hana harufu. Yeye ataka samaki laini mwenye moshi.

Basi rafiki yangu mmoja, baharia aliyekuwa mpishi wa meli, akanieleza kwamba watu wa Norwe na Uskoti humfukiza samaki kwa moshi usiokuwa na joto. Kwanza humtia chumvi, kisha humweka penye moshi ulio chini ya nyuzi 30 za Sentigredi kwa saa nyingi, akatoka amekolea moshi na nyama yake ni laini, kwa kuwa haikuiva. Sikumuuliza zaidi, na hapo ndipo nilipokosea, kwani kule kwao hewa yenyewe ni baridi, na mimi niko Mombasa.

Ilikuwa mwezi wa Februari, kaskazi imeshika, na joto la mchana lafika nyuzi 32 kabla hata hujawasha kiberiti. Uani kwangu palikuwa na friji mbovu. Nikatundika humo vipande vya nguru, chini yake nikaweka chungu cha makumbi na maranda ya mwembe yakifuka, nikafunga mlango tangu asubuhi hata alasiri. Nilipofungua, nyama ilikuwa nyeupe pembeni, mbichi katikati, na mafuta yachuruzika. Harufu, kwa hakika, ilikuwa nzuri. Nikaonja kipande kimoja. Ulimi ukaniwasha kama aliyelamba pilipili, ilhali pilipili sikutia. Haikupita nusu saa uso umenivimba kwa wekundu, mwili wote wawasha, na moyo wenda mbio.

Daktari alinifahamisha. Samaki wa jamii ya nguru na jodari akikaa katika joto, vijidudu hufanya ndani ya nyama yake kitu kiitwacho histamini, na sumu hiyo ikishaingia haitoki kwa chumvi, wala kwa moshi, wala kwa kupikwa. Mimi nilipona siku ile ile, alhamdulillahi, lakini usiku sikupata usingizi. Kipande cha pili nilikuwa nimekiweka katika sahani ya mama.

Mke wangu akataka ile friji itupwe. Mama ndiye aliyekataa. Akaniita akanambia, "Mwanangu, wewe hukufukiza, umechoma. Mimi nimefukiza kanzu za babako miaka yote ile, na haikuungua hata moja." Akanikumbusha mambo niliyoyaona tangu utoto nisiyatie akilini: chetezo huwekwa chini, makaa yake machache, nguo iko juu ya tenga, na ule udi hufika juu umekwisha kuacha moto wake njiani. "Moto na uwe kwake, na samaki awe kwake."

Nikaenda kwa fundi wa bati akanitengenezea bomba la mita 3. Chungu cha moshi nikakiweka mbali, mahali pa chini, bomba likapanda kuelekea kwenye friji, na juu ya friji nikatoboa tundu la kuvutia moshi. Ule mwinamo una maana yake: moshi ukipoa hutoa majimaji meusi machungu kama lami, nayo yafaa yarudi chungwani, yasimdondokee samaki.

Kupoza ndiko kulikonitoa jasho. Nililivika bomba magunia maji, nikidhani litapoa kama mtungi. Halikupoa sana. Mtungi hupoza maji kwa kutokwa na jasho, na jasho hukauka upesi penye hewa kavu. Hewa yetu hapa imejaa maji tayari. Huko Garissa labda ningefaulu. Mwisho nikalipitisha bomba katika madebe mawili, nikaziba viungo, nikajaza maji na barafu. Barafu ina nguvu ya ajabu: kilo moja ikiyeyuka hula joto ambalo lingepasha kilo moja ya maji kutoka sufuri hadi nyuzi 80. Chupa nyingine za barafu nikazipanga ndani ya friji mbovu chini ya samaki, maana kuta zake, ingawa imekufa, zingali zinazuia joto. Mara ya kwanza stima ilipotea tangu adhuhuri, barafu ikayeyuka yote, nami nikaacha. Samaki tukampika mchuzi siku hiyo hiyo.

Nikangoja kusi. Mwezi wa Julai, nguru nilimnunua kwa mvuvi aendaye na barafu chomboni, kwani samaki aliyekwisha kushinda juani hakuna moshi utakaomwokoa. Akalala na chumvi ya Gongoni katika friji nzima, nikamsuuza, nikampangusa akakauka. Baada ya Isha, saa mbili, nikawasha maranda. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 17. Kila saa nilikiangalia, wajukuu wakinicheka dirishani, hata saa saba nikamtoa nikamrudisha kwenye baridi.

Wazungu humla vivyo hivyo bila ya kumpika. Mimi sikuthubutu. Moshi baridi hauui vijidudu, na wazee na waja wazito ndio wanaoonywa zaidi wasile samaki wa namna hiyo akiwa mbichi. Mke wangu alimpika kwa tui zito mpaka akaiva barabara, na nyama haikukakamaa. Ilivunjika kwa kidole.

Mama alikula kipande cha mkiani, akanyamaza, akanyoosha sahani atiliwe kingine. Kisha akasema chumvi imezidi.