Kukata miti usiku kucha: jasho, cheo na mizani katika michezo ya intaneti

Mama mmoja wa kanisa letu hapa Bukavu alinifuata baada ya ibada, analalamika juu ya mtoto wake wa kiume. Kijana yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, mtihani wa Serikali uko karibu, lakini umeme ukirudi saa nane za usiku yeye anaamka, anachomeka simu na kuanza kucheza. "Pasta," aliniambia, "kama ingekuwa mchezo wa kufurahisha ningeelewa. Anakata miti! Anabonyeza mti, anangoja, ukianguka anabonyeza mwingine. Mpaka jogoo anawika." Mama aliogopa kwamba akili ya mtoto imeguswa.

Nilimwita kijana. Nasema ukweli, nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno yangu juu ya uvivu. Akanionyesha simu. Mhusika wake mdogo alikuwa amesimama kando ya mto, shoka mkononi, na pembeni palikuwa na namba 92. Akasema, "Baba Pasta, nimefika nusu." Nikamwuliza, nusu ya nini? Kwa maana alikuwa ameniambia kwamba mwisho ni 99, na mtu aliyefika 92 kwenye safari ya 99 tayari anaona mapaa ya nyumba. Kijana akacheka, akaanza kunifundisha. Ninaandika hapa yale niliyojifunza kwake, na mengine niliyoyatafuta mwenyewe baadaye, kwa sababu naona wazazi wengi na wazee wa kanisa tunawahukumu vijana juu ya kitu ambacho hatujakiangalia.

Mchezo wake unaitwa Old School RuneScape. RuneScape yenyewe ilianza Januari 2001 huko Uingereza, kazi ya ndugu wa familia ya Gower. Ni mchezo wa aina ambayo mtu anachukua mhusika wake na kumkuza ndani ya dunia moja kubwa, pamoja na maelfu ya watu wengine walio kwenye intaneti saa ile ile. Mhusika anaanza akiwa hana kitu wala hajui kitu. Anajifunza kuvua samaki, kupika, kuchimba madini, kufua vyuma, kupigana, kukata miti. Kila ujuzi una ngazi zake, kutoka 1 hadi 99. Mwaka 2013 kampuni ilirudisha toleo la zamani, kama lilivyokuwa Agosti 2007, kwa kuwa wachezaji wengi waliona mchezo umebadilika mno. Hilo ndilo Old School, na tangu 2018 linachezwa hata kwenye simu. Ndiyo sababu limefika kwenye vitanda vya watoto wetu.

Sasa hesabu. Ili kufika ngazi ya 2 mchezaji anahitaji pointi 83 tu, kazi ya dakika chache. Lakini kila ngazi inadai zaidi kuliko ile iliyotangulia, na ngazi ya 99 inadai jumla ya pointi 13,034,431. Ngazi ya 92 inafikiwa kwa pointi 6,517,253. Igawanye ile ya kwanza kwa mbili, utaona kwamba kijana hakukosea: 92 ndiyo nusu. Ngazi saba za mwisho zina uzito sawa na 92 za kwanza zote. Mti aliokuwa anaukata unatoa pointi 67.5 kwa kila gogo, kwa hiyo alikuwa amebakiwa na magogo kama 96,500. Mfuko wa mhusika unabeba vitu 28 tu. Ukijaa, unapeleka benki au unatupa chini, unaanza tena.

Kazi hiyo ya kurudia kitu kile kile wachezaji wa Kiingereza wameipa jina linalomaanisha kusaga. Jina linafaa. Mwanamke anayesaga mtama kwenye jiwe hategemei jambo jipya kutokea kila akisukuma. Anasukuma kwa kuwa unga unaongezeka. Watengenezaji wa michezo wanalijua jambo hilo vizuri sana. Namba inayopanda polepole, bila kurudi nyuma hata siku moja, inamvuta mtu, hasa kijana ambaye katika maisha yake mengine hakuna kitu kinachopanda. Shule inafungwa kwa ajili ya vita, mwalimu hajalipwa, bei ya unga inabadilika. Lakini katika mchezo, gogo moja ni pointi 67.5 leo na kesho. Sikuwahi kufikiri hivyo kabla ya kumsikiliza yule kijana, na ilinichoma kidogo.

Halafu kuna heshima. Anayefika 99 anaruhusiwa kununua joho la ujuzi ule, kwa sarafu 99,000 za ndani ya mchezo, na kulivaa mabegani. Anapopita sokoni, kila mtu anajua. Tusiwacheke. Mimi nilivaa joho siku nilipomaliza masomo ya theolojia, na mwanangu alikuwa hajui tofauti kati yangu na profesa. Lakini waliokuwa wamekaa nami usiku tukirudia vitenzi vya Kigiriki kwa mwanga wa kibatari walijua. Joho lina maana kwa sababu wengine wanajua limegharimu nini.

Hata hivyo heshima haifuati jasho sikuzote. Siku ya Krismasi ya mwaka 2001 RuneScape ilidondosha zawadi chini, kwa yeyote aliyepita, na ndani yake mlikuwa na kofia za karatasi za rangi mbalimbali. Hazikuwa na kazi yoyote. Hazikuongeza nguvu, hazikumkinga mtu na upanga. Wengi walizitupa. Kampuni haikuzitoa tena, zikawa chache, na kadiri miaka ilivyopita zikawa kati ya vitu vya bei kubwa kuliko vyote katika mchezo huo. Anayevaa moja leo, ama alikuwapo siku ile na akaitunza, ama ana utajiri. Mwenye joho la 99 na mwenye kofia ya karatasi wote wanaangaliwa sokoni, lakini hawaangaliwi kwa sababu moja.

Hapo ndipo tatizo la mizani linapoingia, na ndilo linalowasumbua watengenezaji. Wakirahisisha kazi, waliokesha kabla ya hapo watasema jasho lao limedharauliwa, na joho halitamwambia mtu lolote. Wakiikaza, wageni watakata tamaa na kuondoka. Old School ilipata njia ambayo naipenda: mabadiliko makubwa yanapelekwa kwa wachezaji wenyewe kupigiwa kura, na kwa miaka mingi pendekezo lilihitaji 75% ya kura ili lipite. (Ninajua mikutano ya kanisa ambayo isingepitisha hata saa ya chakula cha mchana kwa kiwango hicho.)

Fedha ya kweli ndiyo inayopindua mizani hiyo. Mtu mwenye dola na asiye na saa atataka kununua dhahabu ya mchezo kutoka kwa mtu mwenye saa na asiye na dola. Sheria za mchezo zinakataza, na anayekamatwa anaweza kufungiwa akaunti. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kampuni ilijaribu kuikata biashara hiyo kwenye shina: ikazuia wachezaji kupeana vitu kwa hiari isipokuwa vya thamani inayokaribiana. Wauzaji wa dhahabu walibanwa, lakini wakati ule ule kaka alishindwa kumpa mdogo wake upanga. Wachezaji walilalamika miaka mitatu. Kampuni ilipowauliza kwa kura, zaidi ya milioni moja walijibu, walio wengi sana wakitaka uhuru urudi. Ulirudi Februari 2011, na wauzaji wakarudi pamoja nao.

Kilichofuata Venezuela kinatuhusu zaidi sisi tunaoishi karibu na machimbo. Fedha ya nchi ile ilipoporomoka, vijana wengi wa huko waliingia Old School kwa ajili ya chakula. Walikaa wakiua mazimwi ya kijani saa baada ya saa, wakauza walichopata kwa dola. Mazimwi hayo yanakaa katika eneo ambalo mchezaji anaruhusiwa kumwua mchezaji mwenzake na kuchukua mali yake. Mwaka 2017 wachezaji wengine walianza kuandikiana maelekezo ya namna ya kuwawinda Wavenezuela hao, wakisema wanaharibu uchumi wa mchezo. Tazameni jambo hilo kwa utulivu. Kwa mmoja, zimwi lilikuwa burudani ya jioni. Kwa mwingine lilikuwa mkate. Wote wawili walitumia shoka na mishale ya aina moja. Na kama ilivyo kwa mchimbaji wa dhahabu wa kwetu, aliyelala na njaa siye aliyepanga bei.

Tangu 2015 Old School ina njia halali inayofanana na ile. Mwenye fedha ananunua hati kutoka kwa kampuni kwa fedha ya kweli, anamwuzia mchezaji mwingine kwa dhahabu ya mchezo, na huyo mwingine anapata siku 14 za uanachama wa kulipia. Fedha inaingia kwa kampuni badala ya kwa muuzaji wa kando. Tajiri analipa kwa mfuko wake, maskini analipa kwa usiku wake. Sisemi ni dhambi. Nasema mzazi ajue kwamba yale magogo yanaweza kuwa kodi ya nyumba ambayo mtoto analipa mahali ambapo yeye haoni.

Lakini hatari kubwa kuliko zote niliiona katika mchezo mwingine, World of Warcraft, wa kampuni ya Marekani, uliotoka 2004. Mwaka 2005 waliweka vyeo 14 kwa wanaopigana na wachezaji wenzao. Cheo hakikupatikana kwa kufikisha pointi fulani zinazojulikana. Kila juma pointi zako zililinganishwa na za wenzako wa upande wako katika seva yenu, na ni wachache sana wa juu waliopiga hatua kuelekea ngazi ya 14. Ukipumzika juma moja, ulirudi nyuma. Kwa hiyo swali halikuwa "nimefanya vya kutosha?" Swali lilikuwa "mwenzangu amelala?" Watu walipeana akaunti zamu kwa zamu ili mhusika asilale. Mfumo huo uliondolewa Desemba 2006. Mchezo wa zamani ulipofunguliwa upya mwaka 2019, mfumo ulirudi, na wachezaji wakaanza kupatana kwa siri: juma hili ni zamu ya fulani, wengine mpunguze. Yule asiyekubali mapatano alichukiwa kama msaliti. Mwaka 2023 kampuni iliugeuza, ikaweka kiasi maalum cha kufikia kila juma, bila kumlinganisha mtu na mwenzake.

Kwa hiyo naomba wazazi wasiishie kuhesabu saa. Saa ni muhimu, bila shaka, lakini ulizeni pia kipimo ni cha aina gani. Ngazi ya 99 ni kama ndoo: imejaa au haijajaa, na uliyojaza leo utaikuta kesho. Cheo kile cha 2005 kilikuwa kama kugombania mlango ambao unapitisha mtu mmoja. Mtoto aliye mbele ya ndoo anaweza kuambiwa aache hadi mwezi ujao na asipoteze tone. Mtoto aliye kwenye mlango, ukimnyang'anya simu, kwa macho yake umemwibia kweli, na ndiyo maana wengine wanapiga kelele kama waliofiwa. Huyo ndiye anayehitaji kukaa nasi karibu zaidi, na mapema.

Hata watengenezaji wanajua namna maneno yanavyoweza kubadilisha moyo. Katika majaribio ya World of Warcraft, aliyecheza muda mrefu alipunguziwa pointi, ili watu wapumzike. Wachezaji walichukia adhabu hiyo. Basi wakageuza maelezo: aliyepumzika anapata pointi mara mbili kwa muda, kisha anarudi kwenye kawaida. Hesabu ilikuwa karibu ile ile, lakini manung'uniko yalipungua. Nimeanza kutumia jambo hilo nyumbani kwangu na watoto, na mke wangu amekwisha kunigundua.

Tulirudi kukaa watatu: mama, kijana na mimi. Nilimwuliza kijana mbele ya mama yake kama namba ile 92 ingeshuka endapo angeacha miezi miwili. Alinyamaza, kisha akasema haiwezi kushuka. Nilimwuliza pia kama kuna mtu aliyekwisha kumwomba amwuzie dhahabu. Akakiri kwamba yupo, mtu asiyemjua, aliyemwandikia mara mbili. Mama alishtuka kwa hilo kuliko kwa miti yote.

Tulipatana simu ilale chumbani kwa mama mpaka mtihani uishe. Kijana hakufurahi, lakini alitoa simu mwenyewe. Mama aliigeuza-geuza mkononi, akauliza miti iliyobaki ni mingapi, na kama yeye anaweza kumkatia michache mchana, wakati kijana yuko shuleni. Kijana akamwambia kwamba haiwezekani, sheria ya mchezo inakataza mtu kutumia akaunti ya mwenzake.