Dhahabu Ndani ya Kipimo cha Malaria

Kituo cha afya hapa Kenyenya kina foleni tangu mvua ianze. Huku milimani malaria huja kwa vishindo. Unadungwa kidole, tone la damu linatiwa kwenye kipande cha plastiki, matone ya dawa yanafuata, kisha unangoja. Mong'ina, bibi kizee aliyeketi kando yangu, alikodolea macho mistari miwili myekundu ikijitokeza. "Wino huu umetoka wapi, mwanangu?"

Si wino, mama. Ni dhahabu.

Mafundi wa vioo walikuwa na ujanja wa jamii hii karne nyingi kabla ya yeyote kuuelewa. Katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, kuna vioo vikubwa vilivyochorwa watakatifu, vilivyotoka kanisa la Winchester College, kazi ya miaka ya 1390. Enzi hizo njano haikupakwa kama rangi ya ukuta. Fundi alipaka mchanganyiko wenye madini ya fedha mgongoni mwa kioo, akakitia tanuruni. Joto likaizamisha fedha ndani ya kioo chenyewe, ikawa chembe ndogo mno zinazomeza mwanga wa samawati na kuuachia wa njano upite. Huwezi kuikwangua kwa ukucha.

Dhahabu nayo ina kioja chake. Kwenye pete ni ya manjano. Ikiwa chembe nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara 1,000, inageuka nyekundu. Mwaka 1857 mwanasayansi Michael Faraday alionyesha maji mekundu ya dhahabu huko London, akadai kwamba wekundu ule ni chembe tu zikicheza na mwanga. Alikuwa sahihi.

Kwenye kipimo, kila chembe imevishwa kingamwili inayonasa protini ya vimelea vya malaria. Maji yanazisomba chembe hizo hadi kwenye mstari uliotegwa kingamwili nyingine. Zilizobeba protini hunaswa hapo, zinarundikana, na rundo ndilo jicho linaona. Dhahabu yenyewe ni kidogo kiasi kwamba hakuna sonara atakayekusikiliza.

Mstari wa herufi C huthibitisha tu kwamba maji yamepita hadi mwisho. Usipotokea, hata ule mwingine ukikolea vipi, kipimo kimeharibika: omba kingine.