Pantoni ikifungwa kwa matengenezo, ratiba ifuate maji

Mfanyabiashara anayetoka Mtwara kwenda Palma hupita Kilambo, huvuka Mto Ruvuma, hushukia Namoto na kuendelea kusini kupitia Quionga. Safari nzima ni chini ya kilomita 100. Njia ya pili ni Daraja la Umoja kati ya Mtambaswala na Negomano, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa Mei 12, 2010 na Marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza. Ni daraja imara, lakini liko mbali juu ya mto. Anayetaka kufika Palma kwa njia hiyo hupanda hadi Masasi na Mangaka, huvuka, kisha hushuka tena kupitia Mueda na Mocímboa da Praia. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 500.

Kwa hiyo, kwa mwenye magunia 10 ya vitunguu au katoni 20 za sabuni, Kilambo ikifungwa hata kwa saa chache, Daraja la Umoja halimsaidii. Atakachofanya ni kusubiri, au kupanda mtumbwi.

Chombo chochote cha kuvusha watu na magari huhitaji matengenezo. Injini huchoka, chuma huliwa na maji ya chumvi, na gati za kupandia hufukiwa na mchanga. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayedai pantoni isiguswe. Swali lililo mezani ni jinsi ya kuifunga kwa muda bila kumfilisi anayeitegemea. Jibu lake, kwa sehemu kubwa, linajulikana na kila nahodha wa pwani hii: tazama mwezi kabla ya kutazama saa.

Maji ndiyo daraja lenyewe

Sehemu ya chini ya Ruvuma hutii bahari. Maji yakijaa, mto hupata kina na pantoni hupita juu ya mafungu ya mchanga. Yakipwa, mafungu hujitokeza na chombo kizito hukwama. Kwa maneno mengine, kivuko hiki hufunguka na kujifunga chenyewe mara mbili kila siku, kabla hata fundi hajafika na spana yake.

Hesabu yake ni rahisi. Katika pwani ya Mtwara na kaskazini ya Cabo Delgado, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kabisa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri kwa saa za Tanzania. Kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Baada ya siku saba, kuchelewa huko kumefika karibu saa sita. Hapo maji hujaa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Ndani ya mto huchelewa kidogo zaidi kuliko mdomoni. Siku hizo ni za maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na kina cha kupitisha chombo kizito huwa haba.

Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana jedwali hili kichwani tayari. Bamvua huja karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi mwandamo, au siku moja mbili baadaye. Maji mafu huja karibu na tarehe 8 na tarehe 22.

Saa sita za fundi, siku nzima ya mchuuzi

Sasa chukua mfano. Tangazo linasema pantoni itafungwa kwa matengenezo kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, kila siku kwa wiki mbili. Kwa anayelisoma ofisini, ni saa sita tu, na jioni yote imeachwa wazi. Linaonekana tangazo la haki.

Katika wiki ya bamvua ni la haki kweli. Maji yanapwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, wakati ambao pantoni isingeweza kupita hata kama ingekuwa nzima. Fundi anafanya kazi wakati mto wenyewe umefungwa. Kuanzia saa 8 mchana maji yanapanda, na hadi jioni watu wanavuka. Mfanyabiashara hakupoteza kitu.

Wiki inayofuata tangazo ni lilelile, lakini maji yamebadilika. Sasa yanajaa saa 4 asubuhi, katikati kabisa ya saa za fundi. Fundi anapoondoka saa 8 mchana, maji yanapwa. Yatajaa tena saa 4 usiku, wakati ofisi za uhamiaji na forodha zimefungwa na hakuna wa kugonga muhuri. Zile saa sita za karatasi zimegeuka siku nzima. Aliyefika na nyanya atalala nazo mtoni, atalipa chakula na malazi, atawalipa wapagazi mara mbili, na kesho yake atakuta hali ileile.

Hapa ndipo hasara inapotokea, na haikusababishwa na matengenezo. Imesababishwa na ratiba iliyopangwa kwa saa ya ukutani mahali panapoendeshwa na mwezi. Dawa yake haihitaji fedha: wiki ya bamvua fundi afanye kazi asubuhi, wiki ya maji mafu aanze mchana, baada ya maji ya asubuhi kuvusha watu. Saa za kazi zinabaki sita. Kinachobadilika ni mahali zinapowekwa.

Mafundi wa majahazi hawahitaji kufundishwa somo hili. Anayetaka kukalafati chombo chake hukipandisha pwani wakati wa maji makubwa, kisha hungoja yapwe ili apate kufanya kazi chini ya mkuku pakiwa pakavu. Hakuna anayempangia fundi huyo saa 2 asubuhi kwa sababu tu ndiyo saa ya kufungua ofisi.

Tangazo moja, saa mbili

Kuna mtego mwingine ambao wapya hunaswa nao. Tanzania iko saa moja mbele ya Msumbiji. Maji yanayojaa saa 10 alasiri Kilambo, ng'ambo Namoto saa ya ukutani inasema 15:00. Ni maji yaleyale, mto uleule.

Ongeza namna ya kuhesabu. Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza. Tangazo la Kireno huhesabu kuanzia usiku wa manane. Tangazo la Msumbiji likisema kivuko kitafungwa "10h hadi 14h", maana yake kwa mtu wa Mtwara ni saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Anayeisoma ile 10 kama saa kumi atapanga kuvuka asubuhi, atafika saa 5 na mzigo wake, na kukuta pantoni ndiyo kwanza inafungwa.

Kwa hiyo tangazo la mto huu halikamiliki bila saa za pande zote mbili, kwa Kiswahili na kwa Kireno. Huko si kuomba upendeleo. Mkutano wa wakuu wa nchi za SADC uliofanyika Dar es Salaam Agosti 2019 uliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, na Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama. Kama uamuzi ule una pa kuanzia, ni kwenye ubao wa matangazo wa Kilambo na wa Namoto.

Wenye madaraja ya kufunguka hufanyaje?

Ruvuma haina daraja la kufunguka, lakini wenye madaraja hayo wamekaa na tatizo hili muda mrefu: njia moja, watumiaji wawili, na mwenye mali anayehitaji nafasi ya kutengeneza.

Pwani yetu nayo imelionja. Daraja la kuelea la Liwatoni mjini Mombasa lilijengwa mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, ili kupunguza msongamano wa watembea kwa miguu kwenye feri ya Likoni. Sehemu yake ya katikati iliundwa iweze kufunguliwa ili meli zipite kuingia bandari ya Kilindini. Watu walitengewa saa za asubuhi na jioni wanapokwenda na kurudi kazini, na meli zikapata saa zao. Mpango ule ulisimama juu ya jambo moja: kila upande kujua zamu yake.

Jijini London, Tower Bridge limekuwa likifunguka tangu 1894. Mwenye chombo hutoa taarifa angalau saa 24 kabla, naye mwenye gari hupata ratiba ya kulijua mapema. Nchini Marekani, mwenye daraja la kufunguka hawezi kuamka tu na kulifunga kwa matengenezo. Huomba ruhusa kwa Walinzi wa Pwani, na ruhusa ya muda haizidi siku 180. Ikiisha, daraja hurudi kwenye ratiba yake ya kawaida mara moja.

Tangazo linalotolewa huko huwa fupi, lakini humjibu msafiri maswali matano. Linaanza na kuisha lini? Ni saa ngapi za siku? Chombo kipi kinaweza kupita hata daraja likiwa limefungwa? Ikitokea dharura, litafunguliwa au halitafunguliwa? Na kuna njia nyingine? Hata jibu likiwa chungu, kwamba halitafunguliwa na njia nyingine hakuna, linaandikwa. Mtu akijua hivyo siku kumi kabla, hanunui nyanya wiki hiyo, ananunua sabuni.

Kuzuia kwa usalama, kuzuia kwa spana

Wapo watakaosema Cabo Delgado si London, na ni kweli. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 5, 2017, na hasa baada ya shambulio la Palma la Machi 24, 2021, watu wa pwani hii wamezoea kuambiwa leo hakuna kuvuka, leo hakuna kuvua, leo hakuna chombo kuondoka. Amri za usalama wakati mwingine haziwezi kutangazwa mapema, na mfanyabiashara mwenye busara hazibishii.

Lakini matengenezo hayana siri. Hakuna adui anayefaidika kwa kujua kwamba injini ya pantoni itafunguliwa Jumanne. Hatari ni kwamba mazoea ya amri za ghafla yamehamia hata kwenye mambo ya spana na grisi, na watu wamechoka kuuliza. Kufungwa kwa usalama na kufungwa kwa matengenezo vitangazwe tofauti, ili mtu ajue kipi cha kuvumilia na kipi cha kuhoji.

Kinachohojiwa ni zaidi ya fedha. Chombo kikubwa kikisimama bila maelezo, watu hawarudi nyumbani. Hujazana kwenye vidogo. Oktoba 2020 boti iliyowabeba watu waliokuwa wakiikimbia Palma ilizama karibu na visiwa vya Ibo na Matemo, na makumi wakafa. Aprili 7, 2024, kusini zaidi katika mkoa wa Nampula, chombo cha uvuvi kisichoruhusiwa kubeba abiria kilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji kikiwa kimejaza watu. Waliokufa walikaribia 100. Wale hawakuwa wakingojea pantoni, bali walikuwa wakikimbia: wa kwanza vita, wa pili uvumi wa kipindupindu. Lakini bahari haimuulizi mtu sababu ya kupanda chombo kilichojaa. Na mfanyabiashara aliyekwisha kulala mtoni siku mbili na mzigo unaooza yuko karibu sana na uamuzi huo.

La kufanya

Vivuko vya serikali upande wa Tanzania viko chini ya TEMESA, na ng'ambo kuna mamlaka za wilaya ya Palma. Wafanyabiashara wana haki ya kuziomba pande zote mbili jambo dogo: kabla ya kufunga kwa matengenezo, kikao kimoja na wawakilishi wa wavushaji, wapagazi na wenye mizigo, mezani pakiwa na jedwali la maji. Majedwali hayo huchapishwa.  Pasipo na jedwali, aitwe mvuvi mmoja mzee.

Kwa upande wako, msomaji, usipange safari kwa kusikia tu kwamba "pantoni ipo" au "pantoni haipo". Uliza yale maswali matano. Uliza saa ni za nchi gani. Kisha hesabu mwezi uko siku ya ngapi. Ukikuta saa walizoacha wazi ndizo saa za maji kupwa, jua kwamba siku hiyo kivuko kimefungwa hata kama tangazo linasema kiko wazi. Mzigo wa kuoza uache ghalani. Na mtumbwi ukiwa umejaa, ungoje wa pili.

Maji yakijaa hupwa, walisema wazee. Yakipwa pia hujaa, na huwa na saa yake. Anayeifunga njia na anayeisubiri wakiisoma saa hiyohiyo, pantoni itatengenezwa na biashara itavuka.