Hofu ya Mtoto Mkubwa

Safari hii naandika juu ya jambo ambalo wavulana watadhani haliwahusu. Wavumilie, hata wao walibebwa tumboni.

Hapa Ewuaso Kedong, na Umaasaini kwa jumla, ipo desturi ya kale: mimba ikifika miezi ya mwisho mama hupunguziwa chakula, hasa nyama na maziwa, ili mtoto asinenepe akashindwa kutoka. Wengine huiita ushamba. Mimi siafiki. Pahali ambapo hospitali ya upasuaji ilikuwa mbali na barabara hakuna, mtoto mkubwa aliweza kumuua mamake.

Sasa basi, upo ugonjwa ambao kwa hakika humkuza mtoto kupita kiasi: kisukari cha mimba. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoipinga insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari mlango iingie mwilini itumike. Kongosho la mama lisipoongeza insulini ya kutosha, sukari hujaa damuni na kuvuka hadi kwa mtoto. Naye hutengeneza insulini yake kwa wingi, akanenepa. Mara nyingi mama hasikii dalili yoyote, ndiyo maana inafaa apimwe kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2013, milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula chochote tayari ni kisukari cha mimba.

Ebu fikiria mama aliyeambiwa "punguza." Anaacha nyama, anaacha maini, halafu anabaki na ugali mweupe na chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Ameacha dawa akashika ugonjwa! Na ukame ulioua ng'ombe wengi Kajiado kati ya 2020 na 2023 ulizidi kutusukuma kwenye unga na sukari ya dukani.

Nyama ina madini ya chuma na zinki. Maharagwe na mboga za majani zina asidi ya foliki. Chuma kikikosekana damu hupungua, na mama akivuja damu siku ya kujifungua hana akiba. Maziwa, jamani, tunayapenda, lakini chuma chake ni haba mno. Chai nayo, ikinywewa pamoja na chakula, huzuia chuma kufyonzwa. Afadhali ingoje saa moja. Vile vidonge vya chuma vya kliniki havimnenepeshi mtoto, visifichwe chini ya godoro.

Nyanya zetu wakisema mama asile sana, tusiwabishie. Tuwaulize tu kama sukari imo katika hesabu.

Akishajifungua, sukari kwa kawaida hushuka, lakini huenda kisukari cha kudumu kikamrudia miaka ya baadaye. Apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12. Wiki ya 6 mtoto hupelekwa chanjo. Asubuhi hiyo mama aondoke nyumbani bila kunywa chai, aombe kupimwa naye.