Penzi la mbali katika riwaya ya Gurnah

Ukisikia "penzi la mbali" hapa chuoni, unajua kinachozungumzwa: mmoja yuko Mbeya, mwingine Dar, bando limeisha, simu inaita tu haipokelewi. Umbali wetu tunaupima kwa nauli ya basi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, anaupima kivingine kabisa katika riwaya yake Desertion, iliyotoka mwaka 2005.

Kisa kinaanza 1899 katika mji mdogo wa pwani ya Kenya. Alfajiri, Hassanali mwenye duka anakwenda msikitini kuadhini, mara anatokea Mzungu hoi bin taaban na kuanguka mbele yake. Anapelekwa nyumbani kwa Hassanali, na huko ndiko anakomwona Rehana, dada wa mwenye nyumba. Rehana alishaolewa na mfanyabiashara wa Kihindi aliyesafiri asirudi. Mzungu huyo, Martin Pearce, na Rehana wanaishia kuishi pamoja Mombasa. Kisha Pearce naye anarudi kwao. Rehana anabaki na mtoto wa kike.

Sasa, walipendanaje? Hapo unaweza kukitupa kitabu. Rashid, msimulizi, anasimamisha hadithi na kukiri kwamba hajui, anabuni tu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote. Nani kati yetu anajua bibi yake alipendaje? Tunaambulia minong'ono.

Halafu tunarukia Unguja, miaka ya hamsini. Amin, kaka yake Rashid, anampenda Jamila: mtalaka, amemzidi umri, na kumbe ni mjukuu wa Rehana. Wazazi wa Amin ni walimu, watu waliosoma, lakini wakishajua, inakuwa kesi. Bibi yake yule si aliishi na Mzungu? Miaka zaidi ya hamsini imepita na aibu bado ni mbichi, anadaiwa mtu ambaye hakuwepo hata kuzaliwa. Amin anaahidi hatamwona tena Jamila. Na jamani, anaitimiza ahadi.

Hebu linganisha. Rashid anakwenda Uingereza kusoma. Yanatokea Mapinduzi ya Januari 1964, kurudi kunakuwa si jambo la kurudi tu. Bahari na siasa ziko kati yake na kwao, lakini barua zinafika, anajua nani mgonjwa, nani kafariki. Amin na Jamila wako mji mmoja, mwendo wa miguu, na ndio walio mbali zaidi. Anayotaka kumwambia Jamila, Amin anayaandika kwenye daftari.

Jina la kitabu lina maana ya kutelekeza, na unaposoma unaanza kuhesabu nani kamtelekeza nani. Pearce ni rahisi, kila mtu anamwona. Rashid je, aliyewaacha wazazi akafuata shahada? (Sisi wa mikoani hilo linatuchoma kidogo.) Mimi namweka Amin mbele ya Pearce: Mzungu alikuwa na meli ya kusingizia, yeye alikuwa na nini? Mwenzangu wa chumbani hakubali. Anasema mtoto wa Unguja wa enzi zile, mama yake analia mbele yake, ulitaka afanyeje? Tulibishana mpaka umeme ukakatika, na kitabu sasa anacho yeye, anakisoma upya kutafuta ushahidi.